Kaskazi na Kipupwe za Msuka

Si mbali na rasi ya Kigomasha, kaskazini ya mwisho ya kisiwa cha Pemba, kuna magofu ya msikiti wa mawe ambayo wenyeji huyataja kwa jina la mahali penyewe: Msuka Mjini. Ndani ya mihrabu umechorwa mwaka 816 wa Hijria, ambao ni takriban 1414 Miladia. Wageni wachache wanaofika hapo huitazama tarehe, wakaondoka. Wangetazama kuta pia. Watu waliojenga mji huo walikuwa wakiishi chini ya nyuzi sita kusini mwa Ikweta, penye bahari ya moto na hewa iliyojaa maji, na hawakuwa na chochote cha kupoza nyumba isipokuwa jiwe, chokaa, mti na upepo. Namna walivyovipanga vitu hivyo vinne ndiyo sura ya kwanza ya historia ya afya ya Msuka, ingawa hakuna daktari aliyeiandika.

Nyumba za mawe za pwani ya Waswahili zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na kuta zake zilikuwa nene. Ukuta mnene hulichelewesha joto: jua la mchana huingia taratibu katika jiwe, na kabla halijafika upande wa ndani magharibi imeshaingia. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuweza kuvuka nafasi pana kuliko mita tatu hivi. Mbele palikuwa na baraza, mahali pa kupokea mgeni penye kivuli na upepo, na nyuma uwani. Mwenye nyumba ya namna hiyo aliweza kulala saa za adhuhuri na kuamka bila maumivu ya kichwa.

Lakini wenye nyumba za mawe walikuwa wachache siku zote. Watu wengi wa kaskazini mwa Pemba, hadi karne ya 20, waliishi katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa kwa makuti. Nyumba hizo zilikuwa na hekima yake. Makuti hayashiki joto, na kati ya kichwa cha ukuta na paa huachwa uwazi ambao hewa ya moto hutokea. Udongo hupoa upesi usiku. Ubaya wake ulionekana upande wa pili wa mwaka, wakati wa kipupwe, pale upepo wa kusi unapopenya kwenye nyufa, moshi wa kuni unapokosa pa kutokea, na watoto wanapokohoa kuanzia Juni hadi Agosti.

Wapemba waliugawa mwaka kwa pepo kabla hawajaugawa kwa miezi ya Kizungu. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi, nao ni msimu wa joto kali na bahari tulivu. Masika huja na mvua kubwa. Kisha kusi, na ndani yake kipupwe chenye baridi. Baadaye demani, kisha vuli na mvua zake ndogo. Wakulima na mabaharia walikuwa na hesabu ya jua inayoanzia Nairuzi, siku ambayo sasa huangukia mwishoni mwa Julai, na waliihesabu kwa miongo ya siku kumi kumi. Hesabu hiyo iliamua lini mpunga upandwe na lini chombo kisitoke. Iliamua pia mwili wa mtu utumike lini na upumzishwe lini. Shamba liliendewa alfajiri, likaachwa jua linapopanda, likarudiwa baada ya alasiri. Ratiba ya sala tano iliuweka mchana katika mpangilio huohuo: adhuhuri ilimkuta mtu kivulini, na udhu ukaupoza uso, mikono na miguu mara kadhaa kwa siku.

Anayesoma namba peke yake hawezi kuliogopa joto la Pemba. Wastani wa mwaka uko karibu na nyuzi 26, na mchana wa Februari mara nyingi huishia 32 au 33. Jangwa la Oman hupita hapo bila shida. Lakini mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi kwa kutoka. Hupoza kwa kukauka. Ni kazi ileile inayofanywa na mtungi wa udongo ukumbini, ambao maji yake huwa baridi kwa sababu sehemu yake ndogo inavuja na kukaukia nje. Hewa ikishajaa unyevu, kama inavyojaa Pemba kati ya kaskazi na masika, jasho huteremka mgongoni bila kukauka. Moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwenye ngozi. Figo hukosa maji. Mjamzito, mtoto mchanga, mzee mwenye presha na mtu anayefanya kazi ya nguvu ndio wanaoelemewa kwanza. Wanasayansi hupima hali hii kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji. Kikisoma nyuzi 35, kwa nadharia hata kijana mzima aliyekaa kivulini na maji tele hawezi kuishi zaidi ya saa chache.

Joto halikugawiwa watu sawasawa, na hapa ndipo historia ya Pemba inapokuwa chungu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa kisiwa cha karafuu. Vilima vya magharibi vilijaa mikarafuu, na mikono iliyopanda, iliyochuma na iliyoanika ilikuwa ya watumwa. Karafuu huanikwa juani siku kadhaa, zikigeuzwa na kulindwa zisinyeshewe. Mwenye shamba alikaa barazani. Aliyekuwa uwanjani juani hakuwa na uwezo wa kusema saa hizi ni za kupumzika. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Hakuna daftari linalosema ni wangapi kati ya watu hao waliangushwa na jua, na kutokuwepo kwa daftari hilo si jambo dogo.

Maandishi yaliyopo ya karne hiyo yanahusu magonjwa yaliyowatisha wageni na wafanyabiashara. James Christie, daktari Mskochi aliyefanya kazi Unguja katika miaka ya 1860 na 1870, alifuatilia kipindupindu kwa uvumilivu wa mpelelezi. Kitabu chake cha mwaka 1876 kinaeleza namna ugonjwa ulivyosafiri kwa njia za misafara kupitia nchi ya Wamasai, ukateremka Pangani, ukavuka hadi Unguja mwishoni mwa 1869, wakati joto linapoanza kupanda kuelekea kaskazi. Mara baada yake, mwaka 1870, kikaja kidingapopo, homa ya kuvunja viungo ambayo Christie aliandika habari zake pia. Yeye hakujua kwamba kidingapopo hubebwa na mbu anayetaga katika maji safi ya majumbani, yakiwemo yale yanayohifadhiwa ili yapoe.

Wazungu wengi wa wakati huo walidhani kwamba hewa yenyewe ndiyo sumu: joto na unyevu vikikutana juu ya matope, hutoka mvuke wa homa. Ndiyo sababu waliotaka kupona walitafuta pwani zenye upepo au milima yenye baridi. Dhana yao ilikuwa ya kosa, lakini haikuwa mbali na ukweli kama inavyodhaniwa. Agosti 1897 Ronald Ross, huko Secunderabad, India, alikiona kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu, na hesabu ya joto ikapata maana mpya. Kimelea kinahitaji muda ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza, na muda huo hupimwa kwa joto. Kwenye nyuzi 25 ni kama siku 12. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 18 kazi hiyo hupungua mno, na karibu na 16 husimama. Kwa hiyo Lushoto au Njombe ziliponea kwa baridi yake, ilhali Pemba, ambayo hata usiku wa Julai ni nadra kushuka chini ya 20, haikupata likizo mwaka mzima.

Vita dhidi ya mbu vilipofika Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani, nyumba zilipuliziwa dawa ukutani na maambukizi yakashuka hadi chini ya asilimia 10. Mwaka 1968 mpango ulisimamishwa, na ndani ya miaka michache malaria ikarudi kwa nguvu. Ilihitaji kungoja hadi 2003, dawa mseto zilipoanza kutumika, kisha vyandarua vyenye dawa na upuliziaji mpya kuanzia 2006, ndipo Unguja na Pemba zikashuhudia wodi za watoto zikipungua wagonjwa kwa kiwango ambacho wauguzi wa zamani hawakuwahi kukiona. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2000, ilifunguliwa karibu na Chake Chake maabara ya afya ya jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Kwa mara ya kwanza Pemba ilikuwa na mahali pake pa kuhesabu magonjwa yake.

Kipindupindu nacho kilirudi. Mwaka 1978 kiliingia tena Zanzibar kupitia kijiji cha wavuvi: watu 411 waliugua, 51 wakafa. Baada ya hapo kikawa mgeni wa mara kwa mara. Watafiti walipoziweka takwimu za wagonjwa sambamba na za hali ya hewa, matokeo yao, yaliyochapishwa 2011, yalionyesha kwamba joto likipanda kwa nyuzi moja, miezi minne baadaye wagonjwa wa kipindupindu huongezeka mara mbili. Na mvua ikizidi kwa milimita 200, miezi miwili baadaye wagonjwa huongezeka kwa zaidi ya nusu.

Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa kidogo, kwa sababu yanaieleza kaskazi ya Pemba vizuri kuliko kipimajoto. Bakteria wa kipindupindu huishi katika maji ya pwani pamoja na viumbe vidogo vya baharini, na maji yenye joto huwafaa. Januari na Februari huipasha bahari. Kisha masika huja, vyoo hufurika, na maji machafu huteremka kwenye visima. Wilaya ya Micheweni, ambamo Msuka imo, sehemu yake kubwa ni ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo mwembamba, na jiwe hilo limejaa matundu. Kinachomwagika juu hufika chini upesi. Kwa hiyo mtoto anayelazwa Mei huenda ugonjwa wake ulianza kuandaliwa Januari, katika siku ambazo kila mtu alilalamikia jua na hakuna aliyefikiria kisima. Januari na Februari 2009 chanjo ya kunywa ilitolewa katika shehia sita zilizokuwa hatarini, tatu za Unguja na tatu za Pemba, mojawapo ikiwa Shumba Mjini, jirani wa Msuka katika wilaya hiyohiyo. Watu 23,921 walipata dozi zote mbili. Wakati huo Zanzibar ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo Afrika kutumia chanjo hiyo kwa umma, na tathmini iliyofuata ilionyesha kwamba ilipunguza hatari ya kuugua kwa karibu asilimia 80 miongoni mwa waliochanjwa.

Nyumba, wakati huo, zilikuwa zimebadilika. Karafuu, uvuvi na fedha zinazotumwa na jamaa walio Oman, Dar es Salaam au Uingereza ziliondoa makuti, zikaleta mabati na matofali ya saruji. Hakuna haki ya kumlaumu mtu kwa hilo. Makuti huvuja, huungua, hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na bati ni alama ya mtu aliyepiga hatua. Isipokuwa bati lisilo na dari chini yake huugeuza mchana wa Februari kuwa tanuri, na tofali jembamba la saruji haliwezi kazi ya ukuta wa kale. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa 2019 ulikuta nyumba za bati zikizidi zile za nyasi kwa takriban nyuzi moja na nusu mchana. Watafiti haohao walikuta jambo la kushangaza: mbu ndani ya nyumba za bati walikufa zaidi, kwa sababu nao waliunguzwa na hewa kavu ya moto. Bati moja humchosha mama aliyejifungua na hapohapo humuua mbu ambaye angemwambukiza mwanawe. Mtu anayepanga afya ya kijiji lazima ayaweke yote mawili mezani, asilichukue moja akaliacha jingine.

Kusini mwa Tanzania Bara kuna waliojaribu kulijibu swali hilo kwa kujenga. Mkoani Mtwara zilijengwa nyumba 110 za ghorofa katika vijiji 60, zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa, nyavu za kuzuia mbu na vyumba vya kulala juu, ili kuona kama mtoto anayekulia humo huugua kidogo kuliko mwenzake wa nyumba ya kawaida. Jambo la kutazama ni kwamba muundo huo unarudia mawazo mawili ya zamani, uwazi wa kupitisha hewa na kitanda kilichoinuka mbali na ardhi, kwa kutumia vifaa vya leo.

Upepo wa mashine ulifika Pemba kwa njia ya bahari. Juni 2010 kisiwa kiliunganishwa na umeme wa gridi ya taifa kwa waya uliotandazwa chini ya bahari kutoka Tanga, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya dizeli pale Wesha. Feni ziliingia majumbani, na majokofu ya chanjo yakapata umeme wa kuaminika zaidi. Unguja ilikuwa imetoka tu kujifunza kwa uchungu umeme ni nini wakati wa joto: kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kaskazi nzima, kisiwa kilikaa gizani baada ya waya wake wa chini ya bahari kuharibika. Pampu za maji zilisimama. Familia zililala mabarazani na juu ya mapaa. Miezi mitatu ya joto kubwa kuliko yote ya mwaka ilipita bila pangaboi, bila barafu na bila maji ya bomba ya uhakika, na hakuna mahali ambapo vifo vya miezi hiyo vimewekwa pembeni vikahesabiwa kama vifo vya joto.

Hapa ndipo Ulaya ilipotofautiana nasi, wala si kwa ukali wa jua. Agosti 2003 joto liliishika Ulaya Magharibi kwa wiki mbili. Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000, na bara zima zaidi ya 70,000 katika kiangazi hicho. Wengi walikuwa wazee waliokaa peke yao, na huko Paris waliokuwa hatarini zaidi ni wale wa vyumba vya juu kabisa, chini ya mapaa ya zinki. Mtu wa Pemba anayesoma habari hiyo hahitaji kuelezwa chumba cha namna hiyo kikoje. Tofauti ni kwamba Ufaransa ina daftari la kila kifo. Wataalamu walilinganisha Agosti hiyo na Agosti za nyuma, pengo likaonekana, na mwaka uliofuata serikali ikawa na mpango wa kitaifa wa joto, wenye maonyo na orodha za wazee wa kutembelewa.

Kwa upande wa Afrika, watafiti wawili, Luke Harrington na Friederike Otto, waliifungua mwaka 2020 hifadhi ya kimataifa ya takwimu za maafa. Kwa nchi zote zilizo kusini mwa Sahara, tangu mwaka 1900, walikuta mawimbi ya joto mawili tu yameandikwa, yenye vifo 71. Vifo sabini na kimoja kwa karne na zaidi, kwa bara zima ukiondoa kaskazini yake! Namba hiyo haisemi chochote kuhusu jua la Afrika. Inaeleza kwamba mzee akifa Februari kwa presha katika kijiji chochote cha Micheweni huzikwa siku hiyohiyo, kama sheria ya dini inavyotaka, sheha hujua, majirani hujua, na joto halitajwi popote.

Baridi nayo ina hesabu yake, tena inashangaza. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2015, uliopitia vifo milioni 74 katika nchi 13, uligundua kwamba baridi ilihusika na vifo vingi mno kuliko joto, na vingi vilitokea katika siku za ubaridi wa wastani kuliko zile za barafu. Kati ya nchi hizo 13 hakuna hata moja ya Afrika. Miaka sita baadaye, kundi jingine lilikadiria kwa dunia nzima vifo zaidi ya milioni tano kwa mwaka vinavyohusiana na joto au baridi isiyoufaa mwili, na kanda yenye kiwango cha juu zaidi cha vifo vya baridi ilikuwa Afrika Kusini mwa Sahara. Ni makadirio ya kihesabu, kwa kuwa vituo vyenye takwimu ni vichache, lakini hayapingani na yaliyoonekana Nairobi, katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, ambako watafiti walioandika vifo nyumba kwa nyumba waliona baridi na joto vyote viwili vikigusa vifo vya watoto. Nimonia haingoji theluji. Inahitaji ukuta wenye nyufa, moshi, na mtoto asiye na blanketi.

Katika nyanda za juu za Tanzania, Makete, Mbeya na Njombe, miezi ya Juni na Julai huleta msiba wa namna nyingine. Familia huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha ili joto lisitoke, na gesi isiyo na harufu ikawamaliza usingizini. Mpemba aliyehamishiwa kazi huko, aliyekulia mahali ambapo madirisha hayafungwi usiku, hujikuta akijifunza baridi ukubwani.

Na kuna Wapemba waliokwenda kwenye joto jingine. Uhusiano wa Pemba na Oman ni wa damu na wa karne nyingi, na familia za kaskazini mwa kisiwa zina jamaa Muscat na miji ya jirani. Kusini-mashariki ya Muscat, katika mji wa pwani wa Quriyat, usiku na mchana wa tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, kiwango cha chini cha siku kilicho cha juu kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa. Nchi hiyo ina sheria inayokataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Saudi Arabia ilitangaza kwamba mahujaji 1,301 walikufa katika hija ya Juni 2024, wakati joto la Makka lilipopita nyuzi 51. Zaidi ya wanne kati ya kila watano walikuwa wamehiji bila kibali, hivyo hawakuwa na mahema yaliyopozwa wala mabasi. Walitembea masafa marefu juani. Jua lilikuwa moja kwa wote. Kibali ndicho kilichoamua nani atapata kivuli.

Mahali palipo wazi zaidi pa kuyaona haya yote kwa pamoja, katika Pemba ya leo, ni kwenye mwani. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, kikaenea, na sasa Pemba hutoa sehemu kubwa ya mwani wote wa Zanzibar, Micheweni ikiwemo. Wakulima wake wengi ni wanawake. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa kijijini alikuwa na fedha zake mkononi, akanunua bati, akalipa skuli, na hilo halina budi kuheshimiwa. Lakini bahari ya pwani ya kina kifupi imezidi joto. Aina ya mwani yenye bei nzuri, kotonii, ilianza kufa katika mashamba mengi tangu miaka ya 2000. Iliyobaki kustahimili, spinosamu, bei yake ni ndogo. Mama hulazimika kufunga kamba nyingi zaidi apate fedha zilezile, na kamba nyingi ni saa nyingi ndani ya maji ya chumvi yaliyopata moto, mgongo ukiwa juani na macho yakipigwa na mng'aro wa maji.

Saa zenyewe hakuzichagua. Katika bahari ya Zanzibar, siku za bamvua, maji makavu huangukia karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, kisha hujisogeza mbele kila siku kwa dakika arubaini au zaidi. Maana yake ni kwamba siku zile ambazo bahari hutoka mbali na mashamba yote hufikika, kazi inaanza saa tatu na kuishia saa saba, jua likiwa utosini. Mkulima wa mpunga anaweza kuondoka alfajiri. Mjenzi wa Muscat analindwa na sheria ya saa. Mkulima wa mwani anafuata mwezi, na hakuna waziri awezaye kuahirisha maji kupwa.

Flower Msuya, mtafiti wa sayansi za bahari aliyefanya kazi miaka mingi na wakulima hao, amekuwa akihimiza kilimo cha maji ya kina kwa kutumia mirija ya nyavu, ambako bahari ni baridi zaidi na kotonii huota. Njia hiyo inaufuta utumwa wa maji kupwa, kwa kuwa shamba hufikiwa kwa mashua saa yoyote. Inadai mashua, inadai makoti ya kuokolea, na inadai wanawake wafundishwe kuogelea, jambo ambalo wengi wao hawakulelewa nalo. Ni gharama zinazojulikana, na fedha za kuzilipia hutajwa kila kikao cha uchumi wa buluu.

Wakati zikisubiriwa, lipo la kufanya kwa gharama ndogo. Majedwali ya maji kujaa na kupwa hukokotolewa mwaka mzima kabla, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake wa siku na wa msimu. Mtu akiziweka karatasi hizo mbili pamoja, tarehe za Januari na Februari ambazo bamvua itakutana na siku zisizo na upepo zinaonekana mapema, na kituo cha afya kinaweza kuzitangaza msikitini na dikoni kabla hazijafika: maji ya kunywa yabebwe hadi shambani, wajawazito wasiende, banda la makuti lisimamishwe pwani. Na muuguzi anayempokea mwanamke aliyeanguka siku hiyo aongeze neno moja katika daftari, mbele ya presha au homa: joto.